Tope la Njano

2 Machi

Leo nimeanza kazi ya Jicho. Tulimaliza kidato cha nne wiki iliyopita, wanafunzi tisa na mwalimu mmoja, na hapa kwetu anayemaliza shule hupangiwa kazi kabla mvua hazijaanza. Wenzangu wengi wamepelekwa mashambani. Mimi nimepangiwa kwa shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye amelisimamia Jicho miaka kumi na mmoja.

Nieleze kila kitu mara moja, nisirudie. Jicho ni mahali maji yanapotoka yenyewe chini ya tuta la bwawa. Waliolijenga tuta hilo, kabla ya Kuzimika, walitaka umeme wa mji ambao sasa hauna mtu. Sisi tumejenga chini yake kwa sababu udongo ni mzuri na maji hatuyafuati, yanatufuata. Yakitoka kwenye Jicho yanaingia kwenye mapipa matatu yenye kokoto, mchanga na mkaa. Juu ya kila pipa tunafunga kitambaa cha shuka. Kitambaa kikijaa tope maji yanamwagika pembeni, basi unakitoa, unafunga kingine, unakifua kile cha kwanza. Watu mia nne wanakunywa hapo. Asiyehusika akigusa vitambaa, au mfanyakazi akiviondoa bila agizo la shangazi, anatolewa nje ya ua wa makazi yetu na harudi.

Shangazi ameniambia, "Kazi hii haina sifa, mwanangu. Ukiifanya vizuri hakuna atakayekujua. Ukiiharibu, hata mbwa watakujua."

Vitambaa vya leo: vitatu.

3 Machi

Vitatu.

6 Machi

Vitatu. Vidole vimechubuka. Shangazi anasema vitazoea.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Ilianza saa nne asubuhi, na watu wakatoka nje wakasimama tu, wamefungua midomo kama vifaranga. Hata Msimamizi wetu alitoka bila kofia. Huyu ndiye mwenye neno la mwisho hapa. Mwaka wa Kiu alizika watoto wake wawili, na tangu siku hiyo hajaruhusu lango la bwawa lifunguliwe. Usukani wa lango aliung'oa, anauweka chini ya kitanda chake.

Vitambaa vinne. Shangazi anasema ni mvua, inachafua.

12 Machi

Nimekwenda kwa dada. Nyumba yao ni ya mwisho, karibu na tuta kuliko zote, mnaweza kurushiana jiwe na Jicho. Ana mimba ya miezi minane na anatembea kama amebeba pipa. Shemeji tunamwita Kijiko kwa sababu hajawahi kupita penye sufuria bila kuonja.

"Karibu, Kalamu," akaniambia. "Umekuja kutuandika?"

"Nimekuja kumwona dada."

"Andika basi kwamba shemeji yako anateswa. Anapika sasa yeye, mimi naonjeshwa."

Dada akamrushia kitambaa cha meza. Nilicheka hadi machozi. Ukuta wa nyuma wa nyumba yao una unyevu, na haukuwa nao mwaka jana. Nimeugusa. Ni baridi kama pua ya mbwa.

14 Machi

Vitano. Ndoo inajaa nikihesabu ishirini na sita. Shangazi aliniambia Februari ilikuwa arobaini. Foleni imekuwa fupi, watu wanafurahi. "Jicho limefunguka!" wanasema. Mama mmoja amempa shangazi mayai mawili.

15 Machi

Vitano.

17 Machi

Sita. Mvua siku nzima.

20 Machi

Leo nimeona kitu, nakiandika kama nilivyokiona bila kuongeza.

Fundi, ambaye ndiye mchomeleaji wetu na ndiye anayelitunza tuta, alikuwa anachimba shimo juu ya tuta ili asimike nguzo. Nimempelekea maji. Juu udongo ni mwekundu. Alipofika chini ya kiuno, sepetu ikaanza kutoa udongo wa njano, laini, unanata kama unga uliokandwa.

"Mbona rangi imebadilika?" nikauliza.

"Huo ndio moyo wa tuta. Waliuleta kwa malori kutoka mbali. Huu unazuia maji. Huo mwekundu ni koti tu."

"Na huku kwetu haupo mahali pengine?"

"Ungekuwepo wangehangaika na malori?"

Nikarudi kufua. Nikakunja kitambaa, nikakifungua. Tope la bwawa ni jeusi, nimeogelea humo tangu utoto, nalijua. Tope la kitambaa lilikuwa la njano.

Nimeweka kidogo juani. Limekauka. Ni la njano.

21 Machi

Saba. Tope lote ni la njano.

Nimejiambia labda mchanga wa mapipa unalibadilisha rangi. Nikaweka tope jeusi la bwawa kwenye mchanga na mkaa, nikalichuja. Likabaki jeusi.

23 Machi

Nimemwambia shangazi. Nilichagua saa ambayo hakuna mtu, baada ya foleni ya asubuhi. Nikamwonyesha madonge mawili, moja jeusi na moja njano.

"Shangazi, maji hayatoki bwawani tu. Yanapita ndani ya tuta na kulibeba. Kila kitambaa ninachofua ni tuta."

Hakuniangalia. Alikuwa anakamua kitambaa, akaendelea kukikamua hata kilipokuwa hakina tone.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi na iishie hapo. Unamkumbuka Kengele?"

Namkumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alipita nyumba hadi nyumba akisema tuta limepasuka. Watu wakakimbilia mlimani, watoto wawili wakakanyagwa, na tuta halikuwa na kitu. Kengele akatolewa nje ya ua, yeye na mkewe. Hatujasikia habari zao tena.

"Mimi sisemi limepasuka," nikasema. "Nasema linaliwa."

"Na mimi nasema fua."

Sijawahi kumwogopa shangazi. Leo nimemwogopa, na sijui kama ninamwogopa yeye au kile kilichomfanya aseme vile.

24 Machi

Nane.

27 Machi

Kumi. Ndoo inajaa nikihesabu kumi na tisa. Watu wanaimba kwenye foleni.

28 Machi

Juu ya tuta, sawasawa na Jicho, pamedidimia. Si shimo, ni kama sahani. Maji ya mvua yanatuama hapo. Fundi amejaza kokoto.

30 Machi

Sahani imerudi. Kokoto hazionekani.

31 Machi

Nimekwenda kwa dada nikamwomba ahamie kwangu na shangazi, kule juu penye mteremko. Sikusema kwa nini. Nilisema ni kwa ajili ya mtoto, unyevu si mzuri.

"Mdogo wangu, nikipanda kile kilima nitajifungulia njiani."

"Shemeji atakubeba."

"Kijiko? Huyo anashindwa kubeba aibu yake mwenyewe."

Wote walicheka, mimi nikalia. Nikasema ni moshi. Dada alinitazama muda mrefu, na shemeji akaacha kutafuna.

Nyumba yao sasa ina kidimbwi nyuma. Maji yanachomoza ardhini yakitetemeka, kama yanayotaka kuchemka, na pembeni mwa kila tundu kuna kijipete cha udongo laini. Sihitaji kuandika rangi.

2 Aprili

Hii itakuwa ndefu.

Jana nilitafuta jembe nyuma ya banda la vifaa, mahali shangazi anaponikataza kupita, anasema kuna nyoka. Kuna bati kubwa limelazwa juu ya kitu. Nililiinua. Chini yake kuna rundo la tope lililokauka, linanifika kiunoni na ni refu kama vitanda viwili vikiunganishwa. Lote njano. Sehemu ya chini ni ngumu kama tofali, imeota hadi magugu. Si la mwaka huu.

Nilibaki nimeshika lile bati, siwezi kuliacha wala kulishusha. Shangazi akanikuta.

"Kuna nyoka," akasema, kama mtu anayesoma maneno ubaoni.

"Tangu lini?"

Akakaa chini, pale pale kwenye tope. Sijawahi kumwona akikaa chini mchana. Akaniambia ni mvua ya tatu sasa. Mwaka wa kwanza maji yalitoka na wingu kidogo, watu wakalalamika, yeye akaongeza kitambaa cha pili juu ya cha kwanza. Yakawa safi, wakamshukuru. Mwaka wa pili yakachafuka zaidi, akaongeza mkaa. Kila tope lilipozidi, alizidisha kuchuja.

"Nilidhani nikiyasafisha yamepona," akasema.

"Ulijua."

"Nilijua asubuhi. Ikifika mchana nilikuwa nimeshajidanganya." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Ningesema nini, mwanangu? Kwamba maji mnayoyasifu ndiyo yatakayowazika? Msimamizi angeniuliza kwa nini sikusema jana. Na kila siku iliyopita, hiyo jana ilizidi kuwa ndefu."

Nilikuwa namjua shangazi kama mtu asiyetikisika. Kwa miaka sita tangu baba afe, nikiogopa kitu nilimtazama yeye, nikaona uso mkavu, nikatulia. Sasa najua ule ukavu ulikuwa nini. Alikuwa anaogopa muda wote huo, na mimi nilikuwa najipasha moto kwenye hofu yake.

Nikamwambia twende kwa Msimamizi sasa hivi. Akatikisa kichwa. Akasema tusubiri mvua ipungue, kiwango kishuke chenyewe. Kipimo cha bwawa leo ni alama kumi na saba. Ukingo ni ishirini.

3 Aprili

Vitambaa kumi na vitatu. Mvua.

4 Aprili

Nimekwenda kwa Msimamizi peke yangu. Nimesimama mlangoni pake, nikapiga hodi, akasema karibu. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, binti wa Jicho, hongera, maji hayajawahi kuwa mazuri hivi." Alikuwa ameshika kikombe, maji yake yanang'aa kama kioo. Nikasema nimekuja kusalimia tu.

Nimerudi nikijichukia njia nzima.

5 Aprili

Vitambaa kumi na vitano. Hakuna vya kutosha, navifunga vikiwa vibichi. Sahani juu ya tuta sasa ni bakuli.

Ninachokiona ni hiki: hakuna atakayeamini maneno. Kengele alikuwa na maneno. Kikombe kile kinasema uongo, na uongo huo naufua mimi kwa mikono yangu, kila siku, kuanzia alfajiri. Sisi wawili ndio tunaowaficha watu mia nne.

6 Aprili

Nimetoa vitambaa vyote.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya foleni, nilifungua kamba za mapipa yote matatu. Nikaondoa vitambaa, nikazibua mifereji ili maji yapite pembeni ya mchanga, moja kwa moja hadi kwenye mabomba. Fundo la mwisho nililifungua kwa meno. Kisha nikakaa juu ya ndoo, nikasubiri.

Wa kwanza alikuwa yule mama wa mayai. Alifungua bomba huku anaongea na mwenzake, akajaza, akainua, akatazama ndani. Akamwaga. Akajaza tena.

"We binti! Hii ni nini?"

"Ni maji ya Jicho, mama."

"Maji gani haya, kama uji?"

"Ndivyo yanavyotoka. Haya yote tulikuwa tunayachuja."

Foleni ikakusanyika, kila mtu akafungua bomba kana kwamba la kwake litatoa mengine. Mwanamume mmoja alipiga kelele kwamba nimetia sumu. Mwingine akanishika mkono na kuukunja. Nikasikia neno "nje ya ua" likipita mdomo hadi mdomo. Nilitaka kueleza lakini sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto, hakuna aliyesikia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikajikaza kisabuni nisikimbie.

Msimamizi akafika, Fundi nyuma yake. Watu wakampisha. Akachota kwa kiganja, akayaacha yapite kati ya vidole.

"Umeondoa vitambaa?"

"Ndiyo."

"Sheria unaijua?"

"Naijua."

"Mimi ndiye niliyemwagiza."

Alikuwa shangazi. Hakuniagiza. Alikuwa anateremka taratibu, kanga imemlowa, akiburuta lile bati kwa kamba, na juu yake madonge ya tope la miaka mitatu. Akayamwaga miguuni pa Msimamizi. Akaeleza yote bila kujitetea, mwaka kwa mwaka. Alipomaliza, Fundi alikuwa ameshapiga magoti, anapondaponda donge kwa kidole gumba.

"Hili ni langu," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Hili ni la ndani."

Msimamizi alitazama tuta, halafu upande wa bwawa ambalo kutoka pale halionekani, halafu sisi. "Mnaniambia nimwage maji," akasema. "Mnajua mwaka ule tulikuwa tunalamba umande kwenye mabati? Mwanangu wa kwanza alikufa ulimi umetoka nje. Nyinyi mnaniambia nimwage."

Ndipo dada yangu, ambaye sikujua amefika, akasema kutoka nyuma, "Baba, nyumbani kwangu ardhi inachemka." Akasema hivyo tu, mkono kiunoni, tumbo mbele.

Msimamizi akaenda nyumbani kwa dada, watu wote nyuma yake. Akasimama kwenye kile kidimbwi. Kiatu chake kikazama hadi kifundo, na alipokivuta, kikabaki humo. Akageuka na mguu mmoja peku, akaelekea kwake. Alirudi na usukani.

7 Aprili

Lango lilikuwa limeshika kutu. Wanaume tisa kwenye usukani mmoja. Limefunguka kiasi cha vidole vinne na kukataa. Maji yanatoka kwa mlio unaotikisa meno, yanapita mfereji wa zamani, mbali na nyumba.

Watu wote wamehamia mteremkoni, chini ya maturubai na mabati. Mvua inanyesha. Shemeji alimbeba dada mgongoni kilima kizima, hakufanya mzaha hata mmoja.

8 Aprili

Kipimo: kumi na saba. Hakijashuka. Mvua inaingiza sawa na tunavyotoa.

9 Aprili

Kumi na saba. Tunalitazama tuta siku nzima. Hakuna anayefanya kazi. Mtoto akipiga kelele, watu wote wanasimama.

10 Aprili

Kumi na saba na nusu. Bakuli la juu limekuwa shimo, mtu anaweza kusimama ndani. Fundi na wanaume wanatupa mawe, magunia, hata gari bovu. Fundi amejifunga kamba kiunoni.

11 Aprili

Mvua imekatika saa saba mchana.

12 Aprili

Kumi na sita.

14 Aprili

Kumi na tano. Dada amejifungua. Msichana. Wazima wote wawili.

19 Aprili

Kumi na mbili. Wengine wameanza kunung'unika waziwazi. Mama wa mayai amepita karibu yangu na kusema kwa nguvu, bila kumlenga mtu, "Tuta hilo hapo limesimama. Maji yako wapi?" Mimi mwenyewe nimejiuliza hivyo kila asubuhi.

Shangazi halali, halii, anashona vitambaa visivyo na kazi tena. Hakuna aliyezungumza juu ya adhabu yake. Nadhani wanasubiri kujua tuliwaokoa au tuliwaibia.

22 Aprili

Maji yameshuka hadi kumi na moja, na ukuta wa ndani wa tuta umeonekana. Kuna tundu. Mbuzi angeingia bila kuinama. Fundi ameingiza mti wa mita sita, ukazama wote, ukielekea chini, na haukugusa mwisho. Aliuvuta nje polepole, akanitazama, akatapika.

Wote tumeliona. Hakuna aliyeshangilia. Yule mama akanishika bega, akaniachia, akaondoka. Nilidhani nikithibitika hofu itanitoka. Imekaa vizuri zaidi.

23 Aprili

Msimamizi amekuja kwenye turubai letu asubuhi. Shangazi akasimama kumpa kiti, akakataa, akachuchumaa mbele yangu kama wenzangu wa shule.

"Fundi anasema nifunge leo, kwenye kumi na moja, tuzibe tundu. Mimi nataka kufunga. Wewe ndiye mwenye hesabu. Unasemaje?"

Nikamtazama shangazi. Akainamisha macho kwenye sindano yake. Hakukuwa na uso mkavu wa kuegemea.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu mara nne. Kiangazi tunatumia alama moja kwa mwezi, pamoja na maji yanayochukuliwa na jua. Chini ya tatu ni tope tu. Mvua nyingine ni baada ya miezi saba. Tukifunga kwenye kumi na moja, maji yanatosha na mwezi unabaki. Lakini tundu linaelekea chini, na maji yangebaki yamegusa mdomo wake. Tukishusha hadi tisa, tundu litakuwa kavu, litazibika kweli. Ila tutapungukiwa na mwezi mzima.

"Tisa," nikasema.

"Unajua mwezi bila maji ukoje?"

"Sijui. Nilikuwa mdogo, wakubwa walininyima habari. Naujua kwa hesabu tu."

"Mimi naujua kwa majina." Akasimama. "Hilo neno sitalisema mimi. Njoo uliseme wewe."

Tukatoka. Watu walikuwa wamesimama karibu na lango, wengi na ndoo, kana kwamba ndoo zingesaidia. Nikapanda juu ya jiwe. Nilisema tisa, nikasema kwa nini, nikasema tutapungukiwa siku ngapi, sikuficha hata moja. Safari hii sauti ilitoka.

Yule mama wa mayai akauliza, "Na ukiwa umekosea?"

"Nikikosea nitakuwa hapa hapa, mama, kwenye foleni moja na wewe, na ndoo yangu tupu."

Alinitazama. Halafu akageuka kumwangalia Fundi, ambaye alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, akisubiri kuambiwa afunge. Fundi akauachia, akarudi nyuma hatua moja, na maji yakaendelea kutoka.